Kichina kitupu hakimpi mgeni kazi Uchina

Katika mazungumzo ya vijana wetu waliohitimu vyuo, safari ya Uchina haikosi kutajwa. Wapo wanaoamini kwamba mtu akishajua kuamkiana na kuhesabu kwa Kichina, kisha akajaliwa viza, kazi itamjia yenyewe huko Guangzhou au Beijing, na lugha itakomaa kadiri siku zinavyopita. Imani hiyo imewatoa wazazi fedha nyingi, na baadhi ya watoto wao imewatia mikononi mwa polisi wa uhamiaji. Yafaa tuichunguze kabla shamba jingine halijauzwa.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo wakala wa safari asiyopenda kuitaja. Sheria ya Uchina kuhusu kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutekelezwa Julai 1, 2013, inamtaka mgeni anayefanya kazi awe na kibali cha kazi pamoja na kibali cha ukaazi kinachoambatana nacho. Anayekamatwa bila hivyo hutozwa faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likionekana zito hutiwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15. Viza ya utalii au ya biashara haimkingi. Mwanafunzi naye hana ruhusa ya kufanya kibarua ila chuo chake na idara ya uhamiaji viwe vimeafiki. Hivyo basi, anayejisajili katika darasa la lugha ilhali nia yake hasa ni kutafuta mshahara, anajivika kitanzi kwa mkono wake.

Na kibali chenyewe hupatikanaje? Tangu mwaka 2017 Uchina nzima inatumia utaratibu mmoja unaowagawa wafanyakazi wa kigeni katika makundi ya A, B na C. Wengi wetu tungeangukia kundi la B, ambalo aghalabu hudai shahada ya kwanza na tajriba ya miaka 2, au jumla ya alama 60 katika orodha ya sifa. Tazama basi orodha hiyo inavyoithamini lugha. Aliyefaulu kiwango cha 5 cha HSK, mtihani wa serikali wa Kichina kwa wageni, hupata alama 5 tu. Mshahara mnono waweza kumpa alama 20, na shahada ya uzamifu 20 nyingine. Kwa hesabu za Wachina wenyewe, Kichina cha mgeni ni kitoweo. Ugali sharti autoe kwingine.

Wala hilo si la kushangaza. Vyuo vya nchi hiyo vilitarajiwa kutoa wahitimu milioni 11.79 mwaka 2024, nao wote Kichina wamekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Juni 2023, ukosefu wa ajira mijini miongoni mwa vijana wa miaka 16 hadi 24 ulifikia asilimia 21.3, na baada ya hapo idara ya takwimu ikaacha kwa miezi kadhaa kuitangaza hesabu hiyo. Mwajiri wa Shenzhen mwenye foleni ya vijana kama hao mlangoni hamhitaji Mkenya eti kwa kuwa anajua kusema Kichina. Atamhitaji kwa jambo ambalo vijana wale hawana.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa Kiingereza. Hapa pana dhuluma ambayo hatuna budi kuitaja kwa jina lake. Kanuni zinataka mwalimu wa lugha ya kigeni atoke nchi ambako lugha hiyo ni ya mama, na kwa kawaida maafisa huhesabu nchi chache tu: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na wenzao. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni hadi chuo kikuu huwekwa kando kwa sababu ya pasipoti yake. Waliopenya mara nyingi walipenya kwa mlango wa nyuma, wakifundisha kwa viza isiyo ya kazi. Kisha Julai 2021 serikali ikayabana masomo ya ziada ya watoto nje ya shule, na vituo vingi vilivyowaajiri wageni vikafungwa. Anayeuziwa leo ndoto ya kwenda kufundisha Kiingereza Uchina anauziwa bidhaa iliyokwisha kuchacha.

Lakini hata aliyebahatika kuipata kazi hiyo alikumbana na jambo jingine, ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha suala hili. Mgeni aliyeajiriwa kwa ajili ya Kiingereza chake huzungumza Kiingereza kutwa. Wenzake ofisini wanataka kukinoa kwake, mkubwa wake anajivunia kuwa naye, na jioni anarudi kwenye nyumba anayoishi na wageni wenzake. Miaka 3 hupita, na Kichina chake kinaishia kwenye teksi na mkahawa. Kazi zinazokuza lugha kwa haraka, mathalani kusimamia mizigo, kukagua bidhaa kiwandani au kuzungumza na wateja, hudai lugha hiyo siku ya kwanza. Penye kazi hapana lugha, na penye lugha hapana kazi. Wageni wengi hukwama papo hapo, kisha wakailaumu bahati.

Njia ya kujinasua ni mtu kubeba taaluma yake kutoka nyumbani na kujifunza Kichina cha taaluma hiyo. Chukua mfano wa Yiwu, mji wa mkoa wa Zhejiang wenye soko kubwa la bidhaa ndogo ndogo, ambako wafanyabiashara wa Afrika hununua vitu vya kujaza makontena. Kuulizana bei hakuhitaji lugha: muuzaji anaandika tarakimu kwenye kikokotoo, mnunuzi anazifuta na kuandika zake. Lugha huhitajika mzigo unapofika ukiwa na kasoro, au tarehe ya kupakia inaposogezwa kwa mara ya tatu. Mtu anayefahamu taratibu za forodha za Mombasa, na anayeweza kuijadili hati ya usafirishaji kwa Kichina kilichonyooka, ana jambo ambalo mhitimu wa Hangzhou hana. Huyo hatembezi barua za maombi. Wenye mizigo humtafuta wao.

Msomaji asidhani nalipuuza somo lenyewe. Kichina kina toni nne, na adhabu ya kuzikosea ni kali: neno “mai” kwa sauti inayoshuka kisha ikapanda ni kununua, na kwa sauti inayoanguka ni kuuza. Hebu fikiria mkataba wa biashara unaojadiliwa na mtu asiyetofautisha mawili hayo! Hata hivyo sisi si maskini kama tunavyojidhani. Kiswahili hakina toni, bali Mluo na Mkikuyu wamekulia katika lugha zenye toni, na sikio lao limekwisha kuzoea kwamba sauti hubadilisha maana. Aidha, Mchina hasemi “karatasi moja” hivi hivi. Hana budi kuingiza katikati neno la kuainisha, na neno linalokwenda na karatasi ndilo linalokwenda na meza na kitanda, kwa sababu vyote vina uso bapa. Samaki, mto na suruali hushirikiana neno jingine, la vitu virefu. Mzungu hulalamika sana afikapo hapo. Aliyelelewa na ngeli zetu hutabasamu.

Kuhusu maandishi sina faraja ya kutoa. Yanataka kalamu na usiku mrefu. Simu humchagulia mtu herufi, naye akadhani anazijua, kumbe anazitambua tu. Na mtu asiache kuyasoma kwa kisingizio kwamba anazungumza vizuri, maana ofisi za Uchina siku hizi huendeshwa kwa ujumbe wa WeChat, na agizo la mkubwa huja limeandikwa. Mahali pa kuishi pia pana uzito. Huko Guangzhou wazee wa mtaani huzungumza Kikantoni, kisichofanana na Kichina cha darasani. Shanghai na Beijing zimejaa watu wanaotaka kujaribia Kiingereza chao. Mji wa kaskazini kama Harbin una baridi ya kutisha, lakini matamshi ya watu wake yanakaribia yale ya kitabuni.

Tena tunacho Kiswahili, ambacho twakisahau. Redio ya taifa ya Uchina ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1961, na tangu wakati huo Wakenya na Watanzania wamepata kazi Beijing kwa sababu ya lugha yao. Tamthilia za Kichina nazo zimetiwa sauti za Kiswahili. Wengi watakumbuka “Doudou na Mama Wakwe Zake”. Katika kazi kama hizo, asiyejua Kichina hubaki kuwa msahihishaji wa tafsiri za wengine. Anayekijua huketi kwenye kiti cha mfasiri.

Nchini mwetu Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa mwaka 2005, ikiwa ya kwanza barani Afrika, na nyingine zimefuata katika vyuo vya Kenyatta, Egerton na Moi. Ni heri. Ila Kichina kikifundishwa kando ya taaluma, kama wimbo wa tamasha, kitatuletea washindi wa mashindano ya ufasaha na si wahandisi wanaoweza kusoma mchoro ulioandikwa kwa Kichina. Idara za uhandisi, ununuzi na usafirishaji zingepaswa kukidai kama somo la miaka yote minne kwa mwanafunzi anayekusudia kwenda huko, naye afunge safari akiwa na tajriba yake ya miaka 2. Uchina pia huwaruhusu wenye shahada ya uzamili ya vyuo vyake waliofaulu vyema kuomba kibali bila tajriba, ndani ya mwaka mmoja wa kuhitimu. Hiyo ni njia halali, na ni fupi kuliko ya mlango wa nyuma.

Kwa sasa, mzazi anayeombwa fedha na wakala amdai jambo moja. Mwajiri wa kweli huomba kwanza, kwa serikali ya nchi yake, barua ya taarifa ya kibali cha kazi kwa jina la mtoto wako. Bila barua hiyo, viza ya kazi, inayojulikana kwa herufi Z, haitolewi. Aionyeshe barua kabla ya shilingi ya kwanza. Na mkataba ukija kwa lugha mbili, asomewe ule wa Kichina na mtu asiyelipwa na wakala, kwani kesi ikizuka huko aghalabu huo ndio utakaofunguliwa mezani.