Mnaoachana, Mkumbusheni Wakili Dawa za Mtoto

Hapa Machakos, mara nyingi daktari hujua kwamba ndoa imevunjika kabla hakimu hajajua. Mama huja shinikizo la damu limepanda ghafla. Baba hulalamikia tumbo na kukosa usingizi. Mtoto wa miaka minane aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Dawa tutaandika, lakini kinachowasumbua kiko nyumbani, na sehemu ya tiba yake iko kwa wakili.

Wengi humwona wakili kuwa ni wa matajiri, au wa watu wanaotaka kukomoana. Basi mambo hupelekwa kwa wazee, habari za mbuzi wa ntheo zikazungumzwa, kila mmoja akaenda zake. Wazee wana kazi yao, na hata Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu waliooana kimila wapatanishwe kabla ya korti kuamua. Lakini wazee hawatoi amri ya korti. Siku baba atakapomchukua mtoto shuleni na kwenda naye Mombasa bila kuaga, mama hatakuwa na amri ya kumwonyesha polisi.

Wakili achaguliwe kama daktari. Anayekuahidi ushindi kabla ya kusikia habari zote ni sawa na mganga anayeuza dawa moja ya magonjwa yote. Muulize kama amewahi kushughulikia kesi za watoto, ada yake ni kiasi gani, na mapatano hayo yaandikwe. Hakikisha kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana cheti cha kazi cha mwaka huu. Asiye na pesa aende kwa afisa wa watoto wa serikali, au atafute FIDA Kenya ama Kituo cha Sheria.

Na mwenye kupigwa asingoje mapatano ya mtu yeyote. Atibiwe, apige ripoti polisi, apate fomu ya P3, kisha wakili aombe amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili. Wazazi hugombania shamba, gari na hata sufuria, lakini katika makaratasi yote hakuna mstari mmoja kuhusu afya ya mtoto. Mtoto mwenye pumu huenda kwa baba Ijumaa, pumpu yake ikabaki kwa mama. Mwenye kifafa hukosa vidonge siku mbili, Jumapili usiku analetwa akitetemeka. Kijitabu cha kliniki kimefichwa ili mwenzake asione chanjo. Mtoto anahitaji upasuaji, wazazi wanabishana ni nani atakayetia sahihi.

Mwambie wakili wako ayaandike hayo: dawa zisafiri na mtoto, kila mzazi awe na nakala ya kijitabu, ijulikane nani analipia matibabu na bima, na nani anatoa idhini mwenzake asipopatikana. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe walioana au la, na inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyo hiyo. Ni kweli korti kwa muda mrefu zimeelekea kumwacha mtoto mchanga kwa mama, isipokuwa pawe na sababu kubwa, lakini hilo halimwondolei baba jukumu la kununua dawa.

Wengine huja kutaka barua. Mmoja anataka niandike kwamba mkewe ni mwendawazimu, ilhali sijawahi kumwona. Mwingine anataka mtoto asemekane mgonjwa kila wikendi ya baba. Barua ya namna hiyo siandiki, na wakili mwema hatakutuma kuiomba. Korti ikitaka ripoti ya daktari, nitamchunguza mtoto na kuandika nilichokiona, kiwe kinampendeza mama au baba.