Kompyuta ya kliniki nayo yahitaji msimamizi

Magonjwa mengi tunayotibu siku hizi katika sehemu za Meru na Embu si ya kutibiwa mara moja na kusahauliwa. Mgonjwa wa shinikizo la damu hurudi kliniki kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu. Mwenye kifua kikuu humeza dawa kwa muda wa miezi sita. Mtoto mchanga hupelekwa chanjo akiwa na wiki sita, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi tisa na miezi 18 kwa chanjo ya ukambi. Mama aliyechagua sindano ya kupanga uzazi hudungwa kila baada ya miezi mitatu. Naye anayeishi na virusi vya Ukimwi hupewa tarehe ya kurudi maisha yake yote.

Katika hali hizo zote, dawa nzuri haimfai mtu ikiwa tarehe ya kurudi imepita naye yuko shambani.

Zamani tarehe hizo ziliandikwa katika kadi ya mgonjwa na katika daftari kubwa la kliniki. Jioni muuguzi alipitia daftari, akaona ni nani hakufika, akatafuta mtu wa kumtuma kijijini. Siku hizi kazi hiyo imekabidhiwa kompyuta katika vituo vingi. Programu inayoweka kumbukumbu za wagonjwa hupangiwa kwamba kila siku, saa fulani, itafute wote walio na miadi kesho au kesho kutwa, kisha iwatumie ujumbe mfupi wa simu bila mtu kuigusa.

Mimi nauunga mkono mpango huu. Hata hivyo, nina wasiwasi juu ya namna unavyoendeshwa. Tumeipa kompyuta kazi ya muuguzi, lakini mara nyingi hatukumpa mtu yeyote kazi ya kuiangalia kompyuta.

Faida yake imepimwa

Yafaa ieleweke kwamba ujumbe wa simu kwa wagonjwa si mchezo wa vijana wa kompyuta. Umechunguzwa kwa makini, tena hapa hapa Kenya.

Kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Nusu yao walitumiwa ujumbe kila wiki wenye neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu "Shida", na yule ambaye hakujibu kabisa, alipigiwa simu na mhudumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Waliotumiwa ujumbe na kumeza dawa vyema walikuwa asilimia 62, na kwa wale wengine ilikuwa asilimia 50.

Uchunguzi mwingine ulifanyika Chulaimbo, karibu na Kisumu, ukahusisha wagonjwa 431. Wengine walitumiwa ujumbe kila siku, wengine kila wiki. Waliopata ujumbe mara moja kwa wiki walimeza dawa vizuri zaidi kuliko wasiopata chochote. Waliopata kila siku hawakuonyesha tofauti yoyote. Kitu kikilia kila siku, sikio hukizoea.

Na katika Kibera, wagonjwa 700 walipofuatiliwa, ujumbe wa kila wiki haukuongeza idadi ya waliobaki katika matibabu mpaka mwisho wa mwaka. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2018.

Nimeyataja haya matatu pamoja makusudi. Ujumbe wenyewe si dawa. Huko Nairobi na Kajiado haukwenda peke yake, kwa maana nyuma yake palikuwa na mtu aliyesoma majibu, akainua simu kumtafuta aliyenyamaza. Anayetaka kununua mtambo huu akidhani amejinunulia kupumzika, amekosea hesabu.

Saa nane usiku

Sasa tuangalie mambo yanavyoharibika. Tangu miaka ya 1970, mitambo ya kompyuta imekuwa na programu ya kufanya kazi kwa ratiba. Inayojulikana zaidi huitwa cron. Huelezwa kazi yenyewe, dakika, saa na siku, nayo huifanya bila kuchoka. Lakini programu ya namna hiyo ina tabia moja ambayo kila mkuu wa kituo cha afya anapaswa kuijua: ikiwa kompyuta imezimwa saa ya kazi inapofika, kazi hiyo hupita. Kompyuta ikiwashwa asubuhi, haikumbuki kwamba ina deni la usiku, isipokuwa imeelezwa hivyo waziwazi.

Kuna kliniki moja ya kibinafsi ninayoijua katika eneo hili ambayo mtaalamu alikuja kuiwekea mtambo huu. Aliupanga utume ujumbe saa nane usiku, wakati ambapo hakuna mtu anayeitumia kompyuta. Kwake yeye huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini mlinzi wa kliniki alikuwa na agizo la miaka mingi la kuzima kila kitu jioni, ili kuokoa stima. Naye alitii agizo lake vizuri. Kwa wiki kadhaa hakuna ujumbe hata mmoja uliotoka, wala hakuna aliyejua, maana daftari la miadi lilikuwa limeshawekwa kabatini.

Nilikuja kulijua jambo hilo kwa sababu ya mzee mmoja wa shinikizo la damu aliyeletwa kwangu akiwa amepooza upande wa kulia. Alikuwa amemaliza dawa zake siku nyingi. Nilipomuuliza mkewe kwa nini hawakurudi kliniki, alinijibu, "Daktari, tulikuwa tunangoja watutumie ujumbe kama kawaida." Tarehe ilikuwa imeandikwa katika kadi. Lakini walikuwa wamefunzwa kuitegemea simu, nao wakaitegemea.

Saa yenyewe nayo huleta kizaazaa. Sisi husema saa mbili asubuhi. Karani akiambiwa "saa mbili" akaandika 2:00, kompyuta itaelewa kuwa ni saa nane usiku, na wagonjwa wataamshwa usingizini. Siku ya tatu kwetu ni Jumatatu, kwa sababu twahesabu kuanzia Jumamosi. Katika programu nyingi hesabu huanza Jumapili au Jumatatu, hivyo siku ya tatu huwa Jumanne au Jumatano. Tena kuna kompyuta zilizoachwa na saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ujumbe uliopangwa kutoka saa mbili asubuhi hutoka saa tano, wakati mchumaji wa majani chai wa Manyatta au mkata miraa wa Igembe ameshaondoka nyumbani zamani, na simu ameiachia watoto.

Kisha kuna yale ya kawaida: pesa za kulipia ujumbe kwisha, intaneti kukatika, na mgonjwa kubadilisha laini ya simu bila kuarifu kliniki. Katika hali nyingi za namna hii kompyuta hailalamiki. Huandika kosa katika kumbukumbu zake za ndani na kuendelea, ikingoja mtu aje azisome. Ikiwa hakuna mtu huyo, ukimya wa mtambo hufanana kabisa na ukimya wa mambo yanayokwenda vizuri.

Ujumbe usiokoma

Kosa la kinyume chake ni baya pia. Kazi inayojirudia yenyewe haijui wakati wa kukoma. Mama aliyemzika mtoto wake hupata ujumbe kwamba amlete mtoto kwa chanjo ya ukambi. Mwenye kifua kikuu aliyepona huendelea kuitwa. Aliyehamishiwa kituo kingine huitwa na vituo viwili kwa tarehe mbili. Hakuna aliyekusudia ukatili huo. Ni kwamba hakuna aliyefunga faili.

Vilevile tukumbuke kuwa katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo hushikwa na baba, mama mkwe na watoto. Ujumbe unaotaja jina la dawa au la kliniki ya ugonjwa fulani waweza kuvunja ndoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Basi ujumbe useme tu kwamba kuna miadi, na mgonjwa aulizwe mapema kama anautaka, kwa namba gani, na kwa lugha gani. Bibi wa Tigania au wa Siakago hana faida na ujumbe wa Kiingereza.

La kufanya

Hatua zinazotakiwa si za gharama kubwa.

Kwanza, kila kituo kichague mtu mmoja mwenye kazi hii, na jina lake libandikwe ukutani pamoja na la msaidizi wake. Mtambo ukiwa wa wote, huwa si wa mtu. Akienda likizo, ijulikane ni nani anayeshika mahali pake.

Pili, ujumbe utumwe saa za kazi, wakati watu wako macho na kompyuta imewashwa. Saa tatu asubuhi yafaa kuliko saa nane usiku. Yule aliyeupanga mtambo aulizwe swali hili: kompyuta ikiwa imezimwa saa hiyo, je, itatuma baadaye au itaruka?

Tatu, namba ya simu ya kliniki yenyewe iingizwe katika orodha kama mgonjwa mwenye miadi kila siku. Ujumbe usipofika katika simu hiyo kufikia saa nne asubuhi, ni ishara kwamba haukufika kwa wengine pia. Kipimo hiki hakihitaji mtaalamu.

Nne, jioni ziandikwe namba tatu katika daftari: waliotakiwa kufika, waliotumiwa ujumbe, na waliofika. Namba mbili za kwanza zikitofautiana, mtambo una kasoro. Ya tatu ikipungua, watu wana shida ambayo mtambo hauioni: mvua, kuvuna kahawa, siku ya soko, au nauli ya kutoka Ishiara au Mutuati.

Tano, kila kazi iwe na mwisho wake. Mgonjwa akipona, akihama au akifariki, faili yake ifungwe siku ile ile habari zinapopatikana.

Sita, asiyefika baada ya ujumbe atafutwe na binadamu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote. Programu ya eCHIS iliyo katika simu zao huwapangia nyumba za kutembelea. Hao ndio miguu ya kompyuta hii. Lakini miguu hiyo haiendi bure, na kaunti zinazochelewesha marupurupu yao zisishangae wagonjwa wakipotea.

Naziomba pia serikali zetu za kaunti ziwe na tahadhari zinaponunua mitambo au kuipokea kwa msaada. Programu ya KenyaEMR, inayotumika tangu 2012 hasa katika kliniki za Ukimwi, imetusaidia sana. Lakini Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa miradi ya afya walirudishwa nyumbani ghafla. Kompyuta zilibaki mezani. Kabla ya kupokea mtambo mwingine, tuulize ni nani atakayelipia ujumbe mradi ukiisha, na ni mfanyakazi yupi wa kaunti anayejua neno la siri la kuufungua na kubadilisha ratiba.

Najua baadhi ya wenzangu watasema kwamba wauguzi wana kazi nyingi mno kuongezewa hii. Ni kweli wana kazi nyingi. Lakini kuangalia simu moja asubuhi na kuandika namba tatu jioni ni kazi ya dakika chache. Kumuuguza mtu aliyepooza ni kazi ya miaka, na mzigo huo huangukia mke na watoto wake.

Kwako msomaji nina neno. Tarehe iliyo katika kadi yako ndiyo ya kweli. Ujumbe wa simu ni wa kukukumbusha, na usipofika, nenda kliniki vivyo hivyo. Ukibadilisha laini, waambie. Na ukienda wiki hii, muulize muuguzi kwa heshima: "Ni nani hapa anayehakikisha ujumbe umetoka?" Akikutajia jina la mtu, shukuru. Akikwambia kwamba kompyuta hujifanyia yenyewe, mwombe akuandikie tarehe yako kwa kalamu, kisha uitundike mahali utakapoiona kila siku.