Askari Mstaafu Hakuzaliwa Kulinda Geti

Soma matangazo ya kazi ya kampuni za ulinzi, Dar es Salaam au Mwanza, na mara nyingi utakuta sharti lilelile: mwombaji awe amepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au mgambo, au awe askari mstaafu. Sina ugomvi na kazi ya ulinzi, ni kazi halali na ya hatari. Ugomvi wangu ni na imani inayojificha nyuma ya sharti hilo, imani niliyoisikia kwa wazazi, kwa waajiri, na kwa uchungu zaidi kwa wastaafu wenyewe: kwamba jeshini mtu hujifunza bunduki na gwaride tu, na akishavua magwanda hana kingine cha kuuza ila kukesha. Imani hiyo ni ya uongo, na inaligharimu taifa.

Kambi ni mji kamili. Ina karakana, zahanati, jiko la kulisha watu kwa mamia, stoo, masijala, jenereta na mitambo ya mawasiliano. Jeshi letu, JWTZ, lina hospitali kuu pale Lugalo, na lina Nyumbu kule Kibaha, panapobuniwa na kuundwa magari. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho za wakulima wa Kusini, kazi ya kuzisomba walipewa wanajeshi. Darfur na Kongo vijana wetu wameendesha misafara na kutibu majeruhi mahali pasipo barabara wala umeme. Hayo yote hayafanywi na watu wanaojua kupiga saluti tu.

Imani hii ina mizizi ya zamani. Jeshi la mkoloni, KAR, lilitafuta kifua na miguu, na uofisa likawawekea Waingereza. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithi KAR, walipoasi Colito, kambi ambayo leo ni Lugalo, walidai mambo mawili: mshahara, na Waafrika washike nafasi za maofisa wa Kiingereza. Uasi ule siutetei. Lakini dai la pili lilikuwa la mtu anayejua uwezo wake na kuona mlango umefungwa. Jeshi jipya lililoundwa Septemba mwaka uleule liliufungua mlango huo, lakini kwa maofisa tu. Leo chuo cha kijeshi cha Monduli hutoa shahada, na tangu 2012 Kunduchi kuna Chuo cha Taifa cha Ulinzi kwa viongozi wa ngazi za juu. Afisa anaondoka na karatasi inayosomeka kila ofisi. Koplo na sajenti je?

Namfahamu sajenti mmoja mstaafu aliyekaa karakana ya kikosi chake karibu maisha yake yote ya jeshi. Sasa analinda ghala jijini. Siku moja lori la tajiri wake liligoma kuwaka mbele ya geti. Afande akasikiliza stata ikizunguka, akamwambia dereva kuwa njia ya dizeli imeingia hewa, walegeze nati pale kwenye chujio wapampu kwa mkono. Hakuna aliyemjali. Akaitwa fundi kutoka eneo la Gerezani, akafika jioni, akatoa hewa, akalipwa. Baadaye nafasi ya fundi ilipotangazwa palepale, afande akaomba. Akaulizwa cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Alichokuwa nacho ni hati ya kozi ya jeshi, na aliyempokea hakujua aiweke daraja gani. Akarudishwa getini.

Linaloumiza ni kwamba dawa ipo. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani anapimwa kwa kazi ya mikono yake, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Kama fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anastahili, na anastahili kweli, kwa nini aliyefundishwa kwa fedha za walipa kodi aondoke kambini mikono mitupu?

Watasema alishalipwa kiinua mgongo. Kiinua mgongo ni haki yake ya miaka aliyotumikia. Kinajenga nyumba, hakimpi kazi. Marekani walilielewa hilo hata kabla Vita ya Pili ya Dunia haijaisha. Juni 1944 Rais Roosevelt alisaini sheria ya kuwasomesha askari, na karibu milioni 8 wakaitumia. Kati yao milioni 2.2 hivi ndio walioingia vyuo vikuu. Waliobaki walikwenda kwenye ufundi, mafunzo kazini na kilimo. Utekelezaji wake ulikuwa na doa kubwa: askari weusi wengi walinyimwa haki hiyo katika ofisi za mikoani. Basi tujifunze mambo yote mawili, la kuwasomesha na la kusimamia.

Na familia? Sheria ya Marekani ya 2008 inamruhusu askari aliyetumikia muda wa kutosha kumhamishia mwenza wake au mwanawe haki yake ya masomo. Kwetu, baba akihamishwa kutoka kambi ya Milambo, Tabora, kwenda Naliendele, Mtwara, mama anafunga kibanda cha chakula, anajitoa kwenye kikoba kabla ya mgawo, na mtoto anabadili shule katikati ya muhula. Mke aliye mwalimu wa serikali anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Mshonaji hana pa kuombea. Shule kama Makongo na Jitegemee zimewasomesha vizuri watoto wengi wa askari, lakini ziko Dar es Salaam. Mke wa askari naye analitumikia jeshi, na hakuna anayemwandikia hati.

Naziomba Wizara ya Ulinzi na VETA zikae meza moja. Askari apimwe ujuzi wake mwaka mmoja kabla ya kustaafu, akiwa bado kambini, na mwenza wake apewe nafasi ya kozi katika chuo kilicho jirani na kikosi. Waanze na mafundi magari, wapishi na mafundi umeme, maana mitihani ya fani hizo VETA wanayo tayari.