Kinga ya Jaji ni Kinga ya Raia

Wananchi wa Turkana hawahitaji kufundishwa madhara ya hukumu ya kununuliwa. Wafungwa wake waliletwa kwao. Jaji mstaafu Ransley Thacker aliteuliwa na serikali ya kikoloni kusikiliza kesi ya Kapenguria. Tarehe 8 Aprili 1953 aliwatia hatiani Jomo Kenyatta na wenzake watano, akawahukumu kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Thacker alilipwa pauni 20,000. Mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa kwamba alikuwa ametoa ushahidi wa uongo. Hata hivyo, Kenyatta alipotolewa gereza la Lokitaung mwaka 1959 hakuachiliwa, bali alizuiliwa Lodwar hadi 1961.

Uhuru ulipopatikana, bwana alibadilika lakini kishawishi kilibaki. Mwaka 1987 Jaji Derek Schofield aliagiza polisi walete mahakamani maiti ya mtu aliyefia mikononi mwao. Makaburi yalifukuliwa Eldoret, maiti haikupatikana. Jaji akahamishiwa Meru kesi ingali mbele yake. Akajiuzulu kuliko kutii. Mwaka uliofuata Bunge la chama kimoja liliwaondolea majaji wote kinga ya kutofutwa ovyo. Mawakili na viongozi wa makanisa walipaza sauti, na mwaka 1990 kinga hiyo ikarudishwa.

Je, kinga hiyo ina faida gani? Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais. Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa yule mfungwa wa Lodwar, alitii uamuzi huo, lakini akawaita majaji wakora. Maraga hakuhamishwa wala hakufutwa. Alistaafu Januari 2021 kwa mujibu wa sheria. Schofield hakupungukiwa ujasiri. Alipungukiwa Katiba ya kumlinda.

Lakini adui hajalala. Majaji 6 waliopendekezwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama mwaka 2019 walinyimwa uteuzi hadi Septemba 2022, utawala ulipobadilika. Mkono usioweza kumfuta jaji hujaribu kumzuia mlangoni.

Leo Lodwar ina Mahakama Kuu, na Kakuma ina mahakama ya hakimu ambamo mkimbizi na mwenyeji husimama mbele ya sheria moja. Majengo hayo ni bure iwapo anayeketi ndani yake anamwogopa anayemlipa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, inamkataza mwamuzi kupendelea na kupokea rushwa. Amri hiyo inamhusu pia mwenye kutoa.

Kwa hiyo, ndugu wapenda haki, Tume inapotangaza majina ya wanaoomba ujaji na kuwataka wananchi watoe maoni, parokia na vikundi vyetu visikae kimya. Andikeni mnayoyajua, yawe mema au mabaya. Na jaji akitukanwa kwa sababu ya hukumu ya haki, mteteeni, hata kama hukumu hiyo imewashinda ninyi wenyewe.