Mwenye Kovu Usidhani Kapoa



Wako watu ambao, wakiona bendera ya adui imeshushwa mjini, hupiga vigelegele kisha wakaenda kulala. Hao wanajidanganya, na sisi wanatudanganya.

Tarehe 6 Agosti 2011 Al-Shabaab walitoka Mogadishu. Mwaka 2012 wakaupoteza mji wa Kismayu, na mwaka 2014 Barawa. Kila mara tuliambiwa, "Wamekwisha!" Lakini Septemba 2013 waliua watu 67 katika duka la Westgate, Nairobi, na Aprili 2015 wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Je, hayo ni matendo ya mtu aliyekwisha?

Sababu yake si uchawi. Mwenye kushika mji ana mzigo: lazima aulinde. Aliyefukuzwa ameutua mzigo huo. Huvua sare, hujigawa katika vikundi vidogo, hujichanganya na raia, naye huchagua siku na mahali pa kupiga. Sasa ni serikali inayopaswa kulinda kila daraja, kila barabara na kila soko.

Zaidi ya hayo, Al-Shabaab waliacha majengo, hawakuacha kodi wala hukumu. Wenye malori hutozwa njiani na kupewa stakabadhi. Wafanyabiashara wa Mogadishu, mji wenye serikali, nao hulipa. Mwenye kesi ya ardhi hutoka mjini akaenda kwenye mahakama yao. Si kwa mapenzi! Huko hukumu hutoka upesi na hutiiwa kwa hofu. Mahakama ya serikali humzungusha na kumdai rushwa. Sasa niambieni, ndugu zangu: kati ya hao wawili, mtawala ni nani?

Mji wa Adan Yabaal ulitwaliwa na serikali Desemba 2022. Aprili 2025 Al-Shabaab wakaurudia. Askari huuteka mji kwa siku moja. Kuutawala ni kazi ya hakimu, mwalimu, mganga na polisi asiyekula mlungula. Hao wasipokuja, damu ya vijana waliotoka Uganda, Burundi na Kenya imemwagika bure.

Wengine husema dawa ni mkono wa chuma. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kurundikwa katika uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye, Garissa ikalia. Ukimtukana jirani ambaye angekuletea habari za adui, umejitoboa macho mwenyewe.

Wanachama wenzangu, sisi tunaozunguka vijijini twajua kwamba mtu humfuata yule anayemwamulia shauri lake kwa haki. Basi kiongozi akija kujisifu kwamba ameteka mji, msimpigie makofi upesi. Muulizeni kwanza: nani anakusanya kodi huko usiku, na mjane aliyenyang'anywa shamba anakwenda kushtaki kwa nani?