Tunapokuwa Zamu, Nani Anatazama Nyumba?

Akina mama kadhaa wametuuliza jambo moja: ile kamera ndogo ya kompyuta, ambayo watoto huitumia kwa masomo na baba kwa mikutano ya kazi, je, inaweza kulinda nyumba tusipokuwepo? Jibu letu ni ndiyo, kwa kiasi. Wengine hununua kamera kama wanavyonunua kufuli, na kamera si kufuli. Haimzuii mtu kuingia. Kazi yake ni kutuonyesha nani ameingia na saa ngapi.

Wazo hili si geni, na sisi wauguzi tunalipenda kwa kuwa mmoja wa walioanza nalo alikuwa mwenzetu. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi, akikaa Queens katika jiji la New York. Saa zake za kazi na za mumewe Albert, fundi wa vyombo vya elektroniki, zilipishana, kwa hiyo mara nyingi alikuwa peke yake nyumbani, na polisi wa mtaa ule walichelewa kufika walipoitwa. Mwaka 1966 mume na mke waliomba hataza, yaani hati ya uvumbuzi, kwa ajili ya mtambo wao: mlango wenye matundu manne, kamera iliyopanda na kushuka kufuata matundu hayo, televisheni chumbani, kipaza sauti cha kuongea na aliyebisha hodi, kitufe cha kumfungulia kutoka mbali, na kingine cha kuita msaada. Hati ilitolewa tarehe 2 Desemba 1969. Yeyote aliyewahi kulala peke yake na kusikia mlango unagongwa usiku wa manane hahitaji kuelezwa zaidi.

Kamera ya kompyuta yenyewe ilianza kwa jambo dogo tu. Mwaka 1991 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wasitoke ofisini mwao bure na kulikuta tupu!

Sasa, tufanyeje? Tunahitaji kompyuta, hata kuukuu, kamera yake, na programu inayotambua mwendo. Zipo za bure, kama Motion inayotumika kwenye mfumo wa Linux. Programu hulinganisha picha moja na inayofuata. Zikitofautiana vya kutosha, hurekodi. Ndiyo maana pazia linalopepea au paka anayepita huweza kutujazia picha za bure. Kamera ielekezwe mlangoni au kwenye korido, mbali na dirisha lenye upepo. Kompyuta izuiwe isijizime yenyewe baada ya dakika chache. Waya wa kawaida wa kamera hizi usizidi mita 5, la sivyo picha itakatika.

Usiku kamera nyingi za aina hii hazioni gizani, basi taa ya korido iachwe ikiwaka. Ukiiweka nyuma ya kioo ili itazame nje, itakuonyesha mng'ao wa taa yako mwenyewe. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato itaendelea kwa betri yake, lakini kifaa cha intaneti kitazimika. Na kuhusu bando: kutazama moja kwa moja kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula kama megabaiti 450 kila saa. Ni nafuu kurekodi tu panapokuwa na mwendo, na picha chache zitumwe kwenye barua pepe yako, kwani mwizi anaweza kuondoka na kompyuta pamoja na ushahidi wote.

Jambo linalotusumbua zaidi ni hili: ni nani mwingine anayetazama? Mwaka 2012 huko Marekani, kutokana na hitilafu katika programu ya kamera za kampuni ya TRENDnet, picha za kamera karibu 700 za watu zilianikwa kwenye intaneti, zikiwemo za watoto wachanga waliolala vitandani mwao. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingi sana vya nyumbani kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani. Kwa hiyo neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile, kwenye programu na kwenye kifaa cha intaneti pia. Kama huna haja ya kutazama ukiwa mbali, usiiunganishe kabisa na intaneti. Irekodi ndani kwa ndani. Sisi tungeanza na njia hiyo.

Kisha kuna dada wa kazi. Wapo akina mama wanaotaka kuificha kamera ili wamnase. Tunaelewa hofu yao, hasa penye mtoto mchanga asiyeweza kusema. Hata hivyo tunasema aambiwe, tena aonyeshwe ilipo na inachotazama. Hospitalini hatumfunui mgonjwa bila kumweleza, na binti huyu naye ana haya na heshima yake. Isiwekwe anakolala, anakooga wala anakobadilishia nguo. Akijua ipo, huenda asifanye lile unaloliogopa, na hilo ndilo unalolitaka. Akija kuigundua mwenyewe, ataondoka, na mtoto atabaki na mgeni mwingine.

Tena dalili nyingine hazingoji kamera. Mtoto mwenye alama za kuungua au michubuko isiyoelezeka, aliyeanza kulia kila anapokabidhiwa mtu fulani, au asiyetumia mkono mmoja, apelekwe hospitali leo. Wala kamera haimtoi mtoto aliyetumbukia kwenye ndoo ya maji. Ndoo ifunikwe au imwagwe kabla hujatoka.

Majirani nao wafikiriwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya František Ryneš wa Ucheki, kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia barabara ya watu wote haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo la binafsi la nyumbani tu. Bwana huyo alikuwa amevunjiwa madirisha, na kamera ilisaidia kuwapata waliotuhumiwa. Hata hivyo sheria ya kulinda taarifa za watu ilimhusu. Kwetu Tanzania ipo sheria ya mwaka 2022, na Kenya ya mwaka 2019. Geuza kamera itazame geti lako, si dirisha la jirani.

Familia ikiwa nyumbani, chomoa waya wa kamera. Picha za wiki zilizopita zifutwe, isipokuwa kama kuna jambo la kupeleka polisi. Hizo zinakiliwe kwenye flashi mbili, moja uipeleke kituoni na moja ubaki nayo.