Ufunguo wa Maktaba ya Jangwani

Tulipojaaliwa kuzuru Chinguetti, mji mkongwe wa jangwani katika jimbo la Adrar, Mauritania, tulianzia msikiti wake wa mawe wenye mnara wa mraba. Katika mji huu mahujaji walikuwa wakikusanyika ili kuianza safari ndefu ya misafara kuelekea Makka.

Alasiri nasi tulipanda ngamia. Mnyama huyu huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, na asiyeshika tandiko barabara huuona mchanga ukimjia usoni. Baada ya saa tatu viuno vilituuma. Tukashuka, tukajumuisha Magharibi na Isha kwa ruhusa ya msafiri, tukiwawaza waliokwenda hivyo kwa miezi.

Asubuhi yake mzee mmoja alitufungulia maktaba ya ukoo wake. Humo mna hati za mkono za tafsiri, fiqhi na falaki, zilizorithiwa kizazi baada ya kizazi, huku mchanga ukizidi kuufukia mji wa kale. UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 1996. Hata hivyo, ufunguo wa maktaba ile umo mfukoni mwa yule mzee.

Tuliona haya. Katika kabati la msikiti wetu, vitabu vya masheikh waliotutangulia vimeliwa na mchwa, na ufunguo tulikuwa nao sisi wanakamati.

Wazazi, kitabu cha babu kilichomo nyumbani kitoeni wiki hii. Kipanguseni vumbi, mkawasomee watoto walau ukurasa mmoja. Elimu ni amana.

Wabillahi tawfiq.